Turn Down: Miaka Yangu ya Kufunua Vitanda Al Rigga

Mmeniomba niwaandikie kuhusu kazi kabla sijapanda ndege. Mimi kuandika siwezi, naweza kuongea tu. Kwa hivyo someni hii kama mnaniskia tukiwa kwenye chumba cha shuka, mlango umefungwa, mmoja wenu anachungulia kama supavaiza anakuja. Najua mnacheka nikisema nimestaafu. Ati mtu wa miaka thelathini na tatu anastaafu nini? Nimestaafu magoti. Hayo mengine yote bado yako kazini, na mdomo ndio unaongoza.

Sitawaambia nilipandishwa lini wala nilikuwa napata ngapi. Hiyo haimfundishi mtu kukunja hata taulo. Nataka niwaambie maneno mawili tu ya Kiingereza, turn down, kwa sababu hayo ndiyo yalikuwa kazi yangu, na kwa sababu kuna siku tulikaribia kumpoteza Babirye juu ya hayo hayo. Wengi wenu hamkuwepo. Mmeskia vipande, na vipande vyenyewe vimeongezwa chumvi. Wacha niwaambie mimi niliyekuwepo.

Nilikuja Dubai na Kiingereza cha Form Four ya Machakos, na nilikuwa najiamini nacho sana. Hoteli mnaijua, ile iliyo kwenye uchochoro nyuma ya barabara ya Al Rigga, kati ya duka la simu na mkahawa wa Wairani. Jioni yangu ya kwanza supavaiza alikuwa sir Joji, mtu wa Kerala, mwembamba, mwenye haraka za kuzaliwa nazo. Akanipa toroli, akaniambia, "You turn down fourth floor, yalla," yaani haraka, akapotea.

Sasa mimi kichwani, turn down ni kukataa. Kama vile visa inakataliwa. Ghorofa nzima naikataa vipi? Halafu nikakumbuka inaweza kuwa pia kupunguza, kama redio. Kuuliza sikutaka, nilikuwa na kiburi cha mtu mgeni. Nikaingia chumba cha kwanza, AC ilikuwa inavuma kama jangwa la barafu, nikaipunguza. Televisheni iliachwa ikipayuka, nikaipunguza. Taa nazo nikazipunguza. Nikatoka nikijipongeza. Nilimaliza nusu ya ghorofa kwa mwendo ambao hakuna binadamu amewahi kuufikia kwenye kazi hii.

Sir Joji akarudi, akafungua mlango mmoja, akaniuliza kitanda je. Nikamjibu kwa hasira kwamba kitanda hakina sauti, nipunguze nini.

Kulikuwa na mama mmoja anapita na rundo la taulo. Alicheka mpaka akakalia gunia la nguo chafu. Huyo ndiye Da Mwanaidi. Mtu wa Unguja, alikuja huku na mumewe zamani, kabla hata metro haijajengwa, na alikuwa amefunua vitanda vya hoteli za Deira kuliko mtu yeyote niliyemjua. Alifuta machozi, akanishika mkono kama mtoto, akanirudisha chumbani.

"Njoo, mwanangu," akasema. "Asubuhi kitanda hufungwa, jioni hufunguliwa. Mtu akirudi kachoka asipigane na shuka."

Hiyo ndiyo turn down ya kwanza, na ndiyo inayowalipa ninyi, kwa hivyo ishikeni vizuri. Ile mito ya mapambo inaondoka, inaingia kabatini, si chini. Kona ya shuka na ya duveti, lile blanketi nene, inavutwa pamoja, inakunjwa pembe tatu, upande ule mtu analala. Na upande gani analala? Usiulize, angalia. Chaja iko wapi, miwani iko wapi, glasi ya maji ya jana imeacha alama wapi. Wakiwa wawili unakunja pande zote, hata kama asubuhi uliwakuta wamenuniana. Ndara zinawekwa kando ya kitanda, vidole vikitazama nje, ili mguu ukishuka gizani uingie wenyewe. Maji na glasi. Pazia lifungwe mpaka ule mstari wa mwanga upotee, kwa sababu mwanga wa Dubai hauna heshima, unaingia popote. Taa moja tu ibaki. Ukikuta mswala umetandikwa, zunguka, usiuguse hata kwa nia njema. Na ukipiga hodi, subiri. Da Mwanaidi alikuwa anasema "Housekeeping" kwa mdomo na hodi kwa masikio, yaani anaskiza kwanza ndani kuna nini. Mimi ilinichukua muda kujifunza kuskiza. Mnanijua.

Kiingereza changu hakuna mtu alinifundisha. Nilikiokota vyumbani. Televisheni ikiwa imeachwa wazi, mimi natandika huku naskiza. Nikagundua hawa watu wana hilo neno turn na wanalifungia vitu vidogo nyuma, na kila kidogo kinabadilisha kila kitu. Turn up, turn in, turn out, turn over. Nilikaribia kuwa wazimu. Nikaamua, khalas, basi, nitakaa na turn down peke yake mpaka niijue kama ninavyoijua njia ya choo.

Kwa hivyo skizeni. Ya kitanda mnaijua. Ya kupunguza mnaijua, sauti, baridi, mwanga, chochote chenye kitufe. Ya tatu ni kukataa, na hapo ndipo wengi wenu mnaharibu. Unaweza kuikataa nafasi ya kazi uliyopewa, chai uliyokaribishwa, mwaliko, mwanamume. Visa yangu ya Canada was turned down, mara mbili, na bado mvua huko inanyesha bila mimi. Kuna mlinzi mmoja wa Discovery Gardens, Mkamba mwenzangu, kijana mzuri, alinitaka kwa adabu zote. I turned him down, na mpaka leo tukikutana kwenye treni ananiachia kiti. Hivyo ndivyo hilo neno linakaa. Lina kitu kilicholetwa mbele yako, na wewe ukakirudisha bila kukitupa.

Lakini amri hukatai kwa turn down. Madam akikwambia panda ghorofa ya sita, ukamwambia I turn it down, atadhani unachekesha. Amri unaigoma tu, halafu unapata barua ya onyo. Mimi hizo barua ninazo za kutosha kubandika ukutani.

Na msiseme "turn down it". Niliwahi kumwambia hivyo mgeni mmoja Mwingereza kuhusu AC yake, akacheka mpaka akakohoa. Ni turn it down, kile kitu kinaingia katikati. Sikujua kwa nini na sijui mpaka leo. Nilijua tu sitachekwa tena.

Sasa, kanuni ya hoteli kuhusu chakula mnaijua. Hukai kwenye chumba cha mgeni, huli chake, hata akikuita. Ilikuwepo kabla yangu. Shida ni kwamba sisi watu wa kwetu kukataa chakula hatukuzaliwa nako. Da Mwanaidi yeye ilikuwa rahisi, kwa sababu pwani mtu akila anakwambia karibu, wewe unajibu starehe, unapita, hakuna aliyekosewa. Kwetu Ukambani ukiambiwa karibu, sahani iko tayari, na ukipita, hiyo ni kesi. Nilimuomba Da Mwanaidi anifundishe hilo neno starehe likae vizuri mdomoni. Mwanzoni nilikuwa nalisema kama natukana.

Halafu akaja Babirye. Msichana wa Masaka, Uganda, mikono mikubwa, maneno machache. Alikuwa ametoka kazi ya nyumbani, nyumba ambayo hakujua Ijumaa wala Jumapili, akapambana mpaka kafeel, mwajiri aliyeshika visa yake, akamwachilia, akapata hoteli. Aliwekwa kwenye majaribio kama kila mtu, na kila mtu alijua majaribio yakimshinda, visa inafutwa, anarudi Masaka kwa ndege ya kwanza. Siku ya kwanza nilimpa kabati la kuwekea nguo zake, akalifungua na kulifunga, akalifungua na kulifunga. Nikamuuliza kuna nini. Akasema, "Sista, ni mlango wangu." Kuanzia hapo nikasema huyu ni wangu, na atakayemgusa atanijua.

Wakati huo pia tulikuwa tumepata mkuu mpya wa usafi, madam Vera, mtu wa hoteli za nchi za baridi, hajamaliza hata msimu mmoja huku Ghuba. Hakuwa mbaya. Nawaambia mapema kwa sababu mimi mwenyewe sikutaka kulijua hilo kwa muda mrefu. Alikuwa mtu wa kanuni, nywele zimebanwa, anaita kila mtu kwa jina kamili.

Na kwenye chumba cha kona, ghorofa ya nne, aliingia bibi mmoja kutoka Muscat. Wale Waarabu wa Oman waliozaliwa Unguja, Kiswahili chake kitamu kuliko chetu sote. Mwanawe alimleta kutibiwa macho. Jioni mwanawe anashuka kwenye shughuli zake za mizigo huko Airport Freezone, bibi anabaki peke yake na jicho moja limefungwa bandeji. Hoteli inasema tuwaite wageni madam. Tulimuita hivyo siku ya kwanza, akasema, "Madam ni nani? Mie bibi." Basi, akawa bibi.

Ilikuwa Magharibi imeingia tu. Babirye alikuwa na ghorofa ya nne. Toroli akaliweka mlangoni, mlango wazi, kama tulivyomfundisha. Bibi alikuwa mezani, wali na samaki mzima, chakula ambacho mwanawe alimwachia. Akamwambia karibu mwanangu, kaa tule. Babirye akasema asante bibi, nimekula. Bibi akamuuliza, kwani amemuuliza kama amekula? Akarudia, kaa.

Sir Joji alikuwa anakagua ghorofa. Akapita, akachungulia, akamkuta Babirye amekaa kwenye kiti cha mgeni, mafuta ya samaki kwenye vidole, kitanda hakijaguswa.

Madam Vera alimuita ofisini. Alimuuliza ulikaa mezani na mgeni? Babirye akajibu, "Yes, madam." Ulijua kanuni? "Yes, madam." Una la kusema? Akasema hapana. Akaambiwa kesho alete sare zote, zimefuliwa.

Aliponiambia hivyo chumbani kwetu, nilimuuliza kwa nini hukujitetea, kwa nini hukusema ulilazimishwa. Aliinama tu akitafuta kitu kwenye begi ambacho hakikuwepo. Akasema, "Nilikaa, sista. Si kweli nilikaa?" Nilitaka kumtikisa. Mtu anaondolewa nchini na yeye anakubali kama anakubali bili ya maji.

Kesho yake mchana nikaenda ofisini. Sikupiga hodi, na hodi ndiyo kazi yangu. Nilimwambia madam Vera mnamrudisha mtu kwao kwa samaki mmoja, je angekuwa mbuzi mngefanya nini? Nilimwambia huyu msichana anafunua kitanda vizuri kuliko yeye mwenyewe anavyofungua mlango wa ofisi yake. Niliongea Kiingereza, Kiswahili, na Kikamba kidogo pale hasira ilipozidi msamiati. Aliniacha nikamaliza. Halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba niende kazini, na barua yangu itafika. Ikafika. Ningemuona tena kesho nikiwa na sababu ile ile, ningesema yale yale, labda mbuzi ningemtoa.

Da Mwanaidi alinikuta kwenye chumba cha shuka napiga mto ngumi.

"Umemsaidia nani kwa sauti hiyo?" akaniuliza.

Nikamwambia siwezi kukaa kimya mtu wangu anapigwa.

"Basi umeshapiga kelele. Ukimaliza, chukua toroli. Vitanda havijui habari zako."

Jioni hiyo tukapanda pamoja ghorofa ya nne, kwa sababu zamu ya Babirye ilikuwa haina mtu. Alikuwa chini kwenye benchi la nje ya ofisi, amevaa gauni lake la nyumbani, sare zimekunjwa kwenye mfuko mapajani, anasubiri madam atoke kikaoni azipokee. Njiani Da Mwanaidi alinionya, mambo ya wafanyakazi hayapelekwi kwa mgeni. Mgeni hakuja Dubai kubeba shida zetu. Nikaapa nitafunga mdomo.

Tukapiga hodi kwa bibi. Akauliza yule wa jana yuko wapi. Da Mwanaidi akamwambia yupo, bibi, leo hakupanda. Akaendelea kuondoa mito. Bibi akauliza, "Kwa sababu yangu?"

Mimi nilikuwa nimeshika pazia nalivuta, nikaendelea kulivuta hata lilipofika mwisho. Bibi alikuwa haoni vizuri, lakini kimya kile alikiona. Akapapasa simu, akapiga risepsheni, akaongea Kiarabu, taratibu, bila ugomvi. Nilishika maneno mawili, mudira, yaani mkuu, na gahwa, kahawa. Hakulalamika. Alimkaribisha mkuu wetu aje anywe kahawa, na akasema aje na yule msichana.

Madam Vera alipanda akidhani kuna malalamiko, uso umeshajiandaa kuomba radhi. Nyuma yake Babirye na mfuko wake, na nyuma kabisa sir Joji. Bibi akasema niwe mkalimani mimi. Da Mwanaidi Kiingereza chake ni cha taulo na sabuni, anakiri mwenyewe. Lakini macho aliyonitolea yalikuwa yanasema, sema kilichosemwa, usiongeze chako.

Madam Vera akasema ni ukarimu mkubwa, anashukuru sana, ila yuko kazini, hatakunywa. Aliikataa vizuri, kwa tabasamu, kama mnavyotakiwa kukataa ninyi. Nikatafsiri.

"Mwambie sikumwita kazini," bibi akasema. "Nimemkaribisha kwangu."

Akachukua chupa ya kahawa, akatafuta kikombe kwa mkono wa pili. Wale mnaojua vile vikombe vya kahawa mnajua ni vidogo kama ganda la yai. Akamimina. Kahawa ikapita pembeni, ikamwagika kwenye sinia, na yeye hakujua, akaendelea kumimina. Babirye aliweka mfuko wake chini, akasogea, akakiweka kikombe chini ya mkondo, polepole, kama mtu aliyeshafanya hivyo. Kikajaa. Akakiweka mkononi mwa bibi, na bibi akakinyoosha upande ambao madam Vera alikuwa amesimama.

Madam alikitazama. Akakipokea. Akanywa amesimama, akakirudisha, na bibi akakijaza tena, Babirye akishikilia. Akanywa. Kikajazwa tena. Kufikia hapo masikio yake yalikuwa mekundu, na nilianza kumuonea huruma, jambo ambalo sikulipanga.

"Mwambie akitosheka akitikise," bibi akasema. "Asipokitikisa nitammiminia mpaka Alfajiri."

Nikatafsiri. Madam akakitikisa kikombe kidogo, kushoto kulia, na bibi akacheka, na madam naye akacheka, kwa mara ya kwanza tangu afike hoteli ile. Sir Joji alikuwa anaangalia zulia.

Hapo ndipo bibi akaongea. "Jana nilikuwa na samaki, na jicho hili halioni miiba. Mwanangu wa kiume ana haraka, hakumbuki. Nikamwambia huyu akae. Alikataa mara ya kwanza. Mara ya pili aliona vidole vyangu vinatafuta, akakaa, akanichambulia samaki mzima, mwiba mmoja mmoja. Yeye hakula. Nilimpa tonge, akalirudisha kwangu."

Nilimgeukia Babirye. Nilimuuliza kwa Kiswahili, mbele ya wote, kwa nini hukusema. Alisema kwa sauti ndogo kwamba habari ya mtu mzima kushindwa kula peke yake si ya kupelekwa ofisini.

Nikatafsiri na hilo.

"Na mwambie hivi," bibi akaendelea, na Da Mwanaidi akanitazama tena. "Chumba hiki nimekikodi, kwa hiyo ni kwangu. Aliyekaa hapo alikuwa mgeni wangu. Mkimfukuza, mumemfukuzia mtu mgeni wake, nyumbani kwake."

Nikalisema lote, neno kwa neno, na sikuongeza hata nukta. Mwenyewe nilijishangaa.

Madam Vera alikaa. Ndiyo, alivuta kile kiti na akakaa. Akamwambia bibi, kupitia kwangu, kwamba kanuni ile hakuiweka kwa ajili ya watu kama yeye. Hoteli aliyotoka, msichana wake mmoja aliambiwa na mgeni kaa kidogo, tule, na yule mgeni hakuwa bibi. Ndiyo maana anawaambia wasichana wake msikae, kwa yeyote, ili msichana asilazimike kupima moyo wa mtu peke yake chumbani. Nililitafsiri hilo nikiwa sitaki, kwa sababu lilikuwa kweli.

Bibi akaitikia kwa kichwa. Akasema kanuni nzuri, na yeye ana mabinti. Halafu akasema, lakini huyu alipima, na hakukosea.

Madam akamgeukia Babirye, akamuuliza kwa Kiingereza rahisi. Kesho akiwa mwanamume, mzima, macho yake mawili, akikwambia kaa tule, utafanya nini?

Babirye alifikiri. "I say no thank you, madam. He say again, I don't say again. I go to my trolley, I call you."

Nikawaza, huyu hajawahi kuniambia kuwa alikuwa anaskiza masomo yangu ya turn down. Hivyo ndivyo neno lilivyo. Kilicholetwa kwa moyo mweupe unakirudisha kwa maneno mazuri. Kile kingine hakina haja ya maneno, kina haja ya mlango, na toroli likiwa mlangoni.

Leo mna kanuni, najua mnaifuata bila kuuliza. Mgeni mzee au mgonjwa akihitaji msaada wa kula, unapiga simu chini kwanza, mlango unabaki wazi, unasaidia, huli, na unasema ukimaliza. Na ukikaribishwa kahawa na mtu mzima wa huku, unapokea kikombe kimoja, umesimama, unakitikisa, unashukuru. Hiyo haikutoka kwenye kitabu cha hoteli za baridi. Ilitoka kwenye chumba cha kona.

Lakini jioni ile hatukuwa na kanuni bado. Madam Vera alisimama, akanyoosha sketi, akamshukuru bibi kwa kahawa. Mlangoni akamwambia Babirye, "Tomorrow, your usual time," akatoka na sir Joji.

Babirye akabaki ameshika mfuko wa sare. Akanishika mkono, akaniuliza kwa kunong'ona, muda wake wa kawaida wa kufanya nini, kurudisha sare au kuzivaa. Hata mimi sikuwa na hakika. Nikakimbia na magoti haya haya, nikamkuta madam mbele ya lifti, nikamuuliza. Aliniangalia kama mtu anayekumbuka ameniandikia barua.

"To work," akasema. "And next time there is fish, she calls me. I know how to take out bones."

Nikarudi. Babirye alikuwa ameshatoa sare moja kwenye mfuko na kuivaa juu ya gauni, vifungo vimekosea mashimo, na alikuwa upande wa pili wa kitanda cha bibi anavuta kona ya shuka, Da Mwanaidi anamshikia duveti. Nikamwambia madam amesema ni kazi. Akasema, "Eh," akaendelea kukunja. Hakulia. Mimi ndiye nililia, pale pale mbele ya mgeni, kwa hasira, kwa sababu nilikuwa nimejaa maneno na hakukuwa tena na mtu wa kugombana naye.